Chambo na Maji: Tafuta Chanzo Kabla Hujailaumu Bahari

Kaskazi ikishapamba moto, maneno ya dikoni kwetu, pale tunaposhushia samaki, upande wa Ghuba ya Chwaka, Unguja, huwa yale yale. Changu hawali. Hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linanuka. Mwamba wa kuchukulia chambo umebaki mawe matupu. Mmoja atasema ni hoteli, mwengine atasema ni wale wanaovua dagaa kwa taa, wa tatu atasema ni kudra, na hapo mjadala umekwisha, maana nani abishane na kudra. Mie navua kwa mshipi na nina madema machache, ile mitego ya kuzamisha. Si mara moja wala mbili nimemkuta mchawi yumo ndani ya ndoo ya chambo, na ndoo yangu ikiwemo.

Kuna jambo moja liwekwe sawa mwanzo. Watu hudhani chambo huharibu pale kinapotupwa. Kwa bahari yetu, mara nyingi huharibu pale kinapochukuliwa. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukimwaga ndoo ya vichwa vya dagaa kwenye mkondo, samaki watagombania, kilichobaki kitachukuliwa, na kesho hutakiona. Wavuvi wa Ulaya wanaokaa na fimbo zao kando ya mabwawa hali yao ni nyengine: maji yao yamekaa, na unga wanaoutupa kuwavuta samaki huoza mle mle, ukaacha fosforasi inayostawisha mwani hadi bwawa likageuka kijani. Kwa hiyo ushauri wa kwao usiuvae mzima mzima. Lakini na sisi tuna maji ya kukaa: mahori ya mikandaa kama Mapopwe, madimbwi yanayobaki maji yakipwa, na yale mahori ya Pemba yaliyoingia ndani kwa mlango mwembamba.

Basi kabla ya kusoma dalili yako, jiulize. Maji ya pale yanatembea au yamekaa? Chambo kilitoka wapi, na nani mwengine anachukua hapo hapo? Ukishaondoka, chini kinabaki nini?

Samaki wanahema juu ya maji, na tope linanuka mayai viza

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu zaidi, na ndiyo inayohukumiwa ovyo zaidi. Huonekana horini au kwenye dimbwi, alfajiri, maji yakiwa mafu, yaani yale madogo ya kati ya bamvua na bamvua, na upepo umelala. Samaki wadogo wanapanda juu, midomo wazi, kama wanaoomba dua.

Angalia saa kwanza. Kitu chochote kinachooza, kiwe matumbo ya samaki, mabaki ya chambo cha dema au majani, kinakula hewa iliyomo majini. Mchana majani ya bahari na mwani huirudisha hewa hiyo, lakini usiku nayo huvuta kama sisi. Ndiyo maana hewa huwa kidogo kabisa kabla jua halijatoka. Ongeza joto la kaskazi, kwani maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi, na ongeza maji mafu ambayo hayaingizi maji mapya ya kutosha. Samaki wakihema alfajiri kisha wakazama na kutulia maji yakianza kujaa, basi tatizo ni hewa, na yupo anayetupa kitu humo. Wakihema mchana, maji yanajaa na upepo unavuma, tafuta sababu nyengine.

Halafu chukua ufito, uchome topeni. Hapa wengi hukosea. Tope la mikandaa ni jeusi na linanuka tangu enzi za mababu, hiyo si dalili ya kitu. Unachotazama ni uso wake. Tope zima lina ngozi nyembamba ya kahawia juu, nyeusi inaanza chini yake, na matundu ya kaa yana michanga mipya mlangoni. Tope lililolemewa ni jeusi hadi juu kabisa, lina utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, na matundu yamekaa kimya. Ukiona utando huo mahali watu wanapomwaga chambo na si hatua hamsini pembeni, jibu unalo.

Na ukikuta waliokufa, usikimbilie kusema chambo. Tazama wamekufa nani. Hewa ikipungua, huanza samaki. Kaa wengi hupanda juu ya mizizi wakajiokoa. Ukikuta dimbwi zima limekufa kwa pamoja, samaki wadogo na mikunga waliotoka mapangoni mwao, tena karibu na mawe, shuku utupa, ile sumu ya mmea ya kuvulia. Na samaki ukimpasua ukakuta damu tumboni na nyama imeachana na mfupa wa mgongo, hiyo ni baruti. Yote mawili ni makosa kisheria na hakuna hata mmoja wa samaki hao wa kupeleka nyumbani. Mpigie sheha au kamati ya wavuvi, wala usiwaguse kwa mikono mitupu.

Kama ni chambo na matumbo, dawa yake ni rahisi na inachosha: acha kutupa. Mabaki yapeleke shambani uyafukie chini ya mgomba, au yamwage nje kwenye mkondo maji yakiwa yanatoka. Usilikoroge tope kwa nia ya kulisafisha. Utaifungulia ile harufu, na harufu hiyo ni gesi yenye sumu kwa samaki. Hori letu sisi, vijana walipoacha kusafishia samaki mle, lilirudi baada ya maji ya bamvua kupita mara mbili. Mie mwenyewe nilikuwa nikimwaga mabaki ya dema pale pale kwa uvivu wa kupiga kasia, na sikuwaambia wakati ule.

Mwamba wa kuchukulia chambo umekuwa mtupu

Hapa nitakaa kidogo.

Nenda mwambani maji ya bamvua yakipwa, hesabu mawe kumi ya ukubwa wa sahani ya pilau. Mangapi yana uso mweupe juu, uliokauka, na chini yake yana majani yaliyooza? Kama ni moja au mawili, pweza huenda amepita, au wimbi. Kama ni sita, mwamba huo unauawa na watu wanaotafuta chambo.

Kijana mmoja wa kwetu nilimkuta anageuza mawe mbio mbio kama anayepindua chapati.

"Shikamoo ami."

"Marhaba. Na mawe yarudishe basi."

"Ami, jiwe si jiwe tu?"

Nikamwambia achutame. Tukageuza moja pamoja. Upande wa chini ulikuwa na rangi ambazo juu hazionekani: sifongo la rangi ya chungwa lililotandaa kama rangi iliyomwagika, jengine la zambarau, vijirija vyeupe vya minyoo vilivyopindana, na kwenye kona mayai ya kome yamepangwa kama punje za mtama. Kaa mmoja mdogo, hata punje ya mchele ni kubwa, alikimbilia kivulini ambako sasa hapakuwa na kivuli. Viumbe hao wameumbwa kwa giza na umajimaji. Ukiwaachia jua kali hadi maji yarudi, wamekwisha. Na mwani uliokuwa juu, sasa umelaliwa na jiwe, nao umekwisha. Jiwe moja, pande mbili zimekufa, kwa minyoo minne ya kutilia ndoana. Kijana akalirudisha. Kesho yake sijui, lakini siku ile alirudisha yote.

Sababu ya pili ni jembe na chuma kwenye majani ya bahari. Ghuba ya Chwaka ina aina zisizopungua kumi za majani hayo, na baadhi, hasa yale makubwa yenye mizizi minene, hukua taratibu sana. Shimo lililochimbwa kutafuta kombe au minyoo halifukiki lenyewe. Wimbi hula kingo zake, likapanuka. Utalitambua: duara la mchanga mtupu katikati ya majani, kingo zimening'inia na mizizi iko nje kama nyuzi za mkeka uliochakaa. Ukiona mengi yako kando ya njia ya kutokea kijijini na mbali hakuna, si ugonjwa wa majani. Ni miguu yetu. Kama lazima uchimbe, chimba kwenye mchanga mtupu, kwa mkono, na ufukie.

Ya tatu ni pweza mdogo. Watu humkata yule wa ukubwa wa kiganja akawa vipande vya chambo, kwa hoja kwamba sokoni hana bei. Ni kweli hana bei leo. Lakini pweza hukua mbio kuliko karibu kila kitu tunachovua. Mwache wiki chache utamkuta uzito umepanda maradufu. Jike lenyewe hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Ukimtoa kabla hajafika hapo, umekata mstari wote. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache asiguswe pweza, kisha hufungua kwa siku yenye shamrashamra na mizani. Siku ya kufungua hakuna anayetoka na wa kiganja.

Na tusijione sisi ndio wa kwanza kukosea. Kizimkazi, hadi katikati ya miaka ya 1990, pomboo walikuwa wakiuawa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Pomboo, chambo! Wageni walipoanza kulipa kumwangalia, hesabu ikageuka yenyewe, na uwindaji ule ukakoma. Nasema hivi kwa sababu chambo kina tabia ya kuonekana hakina thamani hadi atokee mtu wa kukitia thamani nyengine.

Utatumia nini basi? Vitu vilivyokwisha kufa. Vichwa na mikono ya ngisi kutoka kwa wauza samaki, matumbo ya vibua, dagaa walioharibika umbo. Wanasema havishiki kwenye ndoana, na ni kweli vikiwa vibichi. Tia chumvi. Kata vipande virefu vya upana wa kidole, panga kwenye ndoo, safu ya nyama na safu ya chumvi ya mawe, funika, weka kivulini. Chumvi inafyonza maji, nyama inakaza, na siku ya pili kipande kinashika kama ngozi. Kinakaa wiki bila barafu. Changu wanakila. Chewa ni mbishi zaidi, sitaki kusema uongo, yeye anapenda kibichi.

Wadudu wenye miiba mirefu myeusi wamejaa, majani yanaliwa

Hawa wanaolaumiwa kufuata chambo cha madema hawakuletwa na chambo. Wamezidi kwa sababu wanaowala wamepungua, na mmoja wao ni kikande, yule samaki wa meno ya patasi anayewapindua na kuwavunja. Kikande ana nyama ngumu na watu humdharau, lakini humchukua akiingia demani kwa sababu ameingia. Mrudishe akiwa hai. Kuwaponda wachache kwa chambo cha dema hakudhuru mwamba uliojaa miiba. Kwenye mwamba ambao wako mmoja mmoja, waache, hata wao wana kazi ya kula mwani usiyafunike matumbawe.

Mshipi unatoa bunju na mkunga tu

Ulikuwa na fungu lako la changu, unatia nanga alama ile ile, pale msikiti na mnazi wa pwani vinapoonekana mstari mmoja, na kila siku ukimaliza unamwaga kilichobaki. Umefungua mkahawa. Walaji wa mizoga wamehamia, na chambo chako hakifiki chini kwa changu hata kama yupo.

Sogea urefu wa kamba mbili za nanga, tumia chambo kile kile. Wakila changu, tatizo lilikuwa mahali. Lipumzishe tangu bamvua hadi bamvua na usimwage kitu. Wasipokula popote, huenda changu wenyewe wamekwisha, na hapo hakuna chambo kitakachosaidia. Bunju usimle, hata ukiambiwa na mtu anayejua kumsafisha.

Ndugu yake dalili hii ni wale samaki wadogo wenye milia wanaozunguka chombo chochote kinachosimama, wakidonoa hadi vidole. Hao wamezoeshwa mkate na watembezaji wageni. Niliwahi kuona boti moja ikimwaga mfuko mzima wa mikate ili wageni wapige picha. Samaki aliyeshiba mkate haendi kulamba mwani kwenye matumbawe. Waombe waache, wengine husikia.

Chambo cha friza kinavua vizuri, kuna ubaya gani?

Kama ni samaki wa hapa hapa, hakuna. Kamba au samaki waliogandishwa kutoka nchi za mbali ni suala jengine, kwa sababu baridi huhifadhi virusi vingi, haiviui. Mwaka 1995 pwani ya kusini ya Australia samaki jamii ya dagaa walikufa kwa wingi mno kwa virusi, na miaka mitatu baadaye wakafa tena. Wataalamu walishuku samaki waliogandishwa na kuagizwa nje kulishia jodari wa kufugwa. Kamba wa kula, kula. Usimtie ndoana.

Mabaki yasiyooza

Kifuko cha chambo kikipeperuka, kasa hukidhani kiwavi cha baharini, na kinamziba utumbo. Mifuko ya plastiki ilikatazwa Zanzibar miaka mingi kabla ya Bara kuikataza 2019, na bado chambo huuzwa ndani yake kwa kificho. Pakacha dogo au kopo lenye mfuniko linatosha.

Chubwi la risasi ni sumu inayobaki chini ikikatika. Plagi kuukuu ya injini, nati au jiwe lililofungwa vizuri huzama vile vile, na likinasa halikuumi roho.

Dema lililopotea ndilo baya kuliko yote mawili, kwani linajitilia chambo lenyewe. Samaki anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha wa pili, na wa pili cha wa tatu. La mianzi huoza likakoma. La waya huendelea miaka. Kama umehamia waya, acha dirisha moja ulifunge kwa kamba ya makumbi. Likipotea, kamba itaoza na mlango utafunguka.

Dikoni kumejaa nzi, mwani laini wa kijani na kunguru

Matumbo. Hakuna siri. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, na tangu hapo wanakula taka, mayai ya ndege wengine na vifaranga vya kuku wako. Shimo la kufukia lenye mfuniko, mbali na maji ya bamvua yanapofika, humaliza nusu ya shida ndani ya mwezi.

Ukifika mbele ya kamati

Ukishindwa mwenyewe, peleka kwa kamati ya wavuvi ya shehia, au kama uko ndani ya hifadhi kama Menai au Mkondo wa Pemba, kwa walinzi wake. Lakini usiende na "siku ile kulipokuwa na joto". Nilikaa kwenye kikao kimoja saa nzima tunabishana siku ile ni ipi. Peleka mahali, saa, nani waliokufa, uso wa tope ulivyokuwa, na chambo gani kinatumika hapo. Picha ikiwepo, weka mkono au kasia ndani yake ili ukubwa uonekane.

Na tarehe, toa ya mwezi mwandamo. Ukisema tarehe 15, au mwezi ulikuwa ndio umeandama, kila mzee pale anajua maji yalikuwa ya bamvua na hori lilikuwa likioshwa. Ukisema tarehe 8 au 22, anajua yalikuwa mafu, na hata hajamaliza kukusikiliza ameshaanza kuuliza nani alikuwa akisafishia samaki horini.